Msongamano Langoni mwa Shule: Unatokana na Nini, na Utapunguzwa Vipi

Kila siku ya masomo, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi, barabara zinazopita mbele ya shule za upili katika Kaunti ya Mombasa hufurika. Magari ya wazazi, matatu, tuktuk, bodaboda, mikokoteni na wanafunzi wanaotembea hukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Jioni hali hujirudia, na siku za kufungua au kufunga shule za bweni huwa mbaya zaidi.

Wengi wetu huona jambo hili kama kero ya kuchelewa kazini. Kuna kubwa zaidi ya hilo. Katika miaka ya karibuni, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kati yao ni la waendao kwa miguu. Mwanafunzi anayevuka barabara kukimbilia kengele yumo katika kundi hilo.

Makala haya yanaeleza chanzo cha msongamano huo, hatua zinazoupunguza, nani anahusika na barabara ipi, na jinsi mkaazi anavyoweza kuomba mabadiliko karibu na shule ya mtaani kwake.

Tatizo si upana wa barabara

Pendekezo la kwanza linalotolewa katika mikutano mingi ni kupanua barabara. Katika kisiwa cha Mombasa, na hata katika mitaa mingi ya Kisauni, Likoni na Changamwe, nyumba na maduka yamefika ukingoni mwa barabara na nafasi ya kupanua haipo. Hata pale ilipo, mara nyingi upanuzi hautibu ugonjwa wenyewe.

Tuchukue mfano wa hesabu. Shule moja inapokea magari 90 katika nusu saa ya mwisho kabla ya kengele. Mbele ya lango pana nafasi ya magari mawili kusimama. Kila gari linasimama dakika mbili: mtoto anatafuta kitabu, mzazi anahesabu nauli ya jioni, dereva anasubiri mwanya wa kugeuza. Kila nafasi itahudumia magari 15 katika nusu saa, kwa hivyo nafasi mbili zitahudumia magari 30. Magari 60 yaliyobaki yatapanga foleni. Kila gari likichukua mita 6 za barabara, foleni hiyo ina urefu wa mita 360. Ndiyo maana msongamano wa lango la shule huonekana hadi barabara kuu.

Sasa tuseme shule hiyo imetenga nafasi tano za kushushia, na kila gari linasimama dakika moja tu kisha linaendelea mbele bila kugeuza. Nafasi tano zitahudumia magari 150 katika nusu saa ile ile. Barabara haikuongezwa hata mita moja. Kilichobadilika ni idadi ya nafasi, muda wa kusimama na mwelekeo wa magari.

Kushusha upande unaofaa

Kwa kuwa nchini Kenya tunaendesha upande wa kushoto, gari linafaa kufika shuleni likiwa na ukuta wa shule upande wake wa kushoto. Mwanafunzi hutokea mlango wa kushoto na kukanyaga njia ya miguu moja kwa moja. Gari likija kutoka upande mwingine, mwanafunzi hushukia ng'ambo na kulazimika kuvuka, au dereva hugeuza katikati ya barabara na kuzuia pande zote mbili.

Pale ambapo mitaa inaruhusu, magari yanaweza kuelekezwa kuzunguka upande mmoja tu wakati wa asubuhi na jioni. Hatua hii ina gharama yake: wakaazi wa mtaa huo watazunguka kidogo zaidi kufika nyumbani, na mwenye duka anaweza kuona wateja wa asubuhi wakipita njia nyingine. Kwa sababu hiyo haifai kuamuliwa kabla ya wanaoishi na kufanya biashara hapo kusikizwa.

Mwendo unaoamua uhai

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva makini huhitaji takriban sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, kisha gari huhitaji mita nyingine 14 hivi kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni mita 28. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, gari hilo husimama ndani ya mita 13.

Maana yake ni hii. Mwanafunzi akitokea ghafla mita 15 mbele ya gari, dereva wa kilomita 30 atasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa kilomita 50 atakuwa ndiyo kwanza anagusa breki, na atamgonga kwa karibu mwendo wake wote. Lami ikiwa na maji au mchanga, au breki zikiwa zimechakaa, umbali huo huongezeka.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo ndani ya miji. Hicho ni kikomo cha juu, si mwendo wa lazima. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilihimiza mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waendao kwa miguu huchangamana. Lango la shule ni mahali pa aina hiyo.

Kibao pekee hakitoshi kupunguza mwendo. Kinachofanya kazi ni umbo la barabara: matuta yaliyojengwa kwa kipimo na kupakwa rangi, kivukomilia kilichoinuliwa ili gari lipande kabla ya kukifikia, na kona zilizobanwa ili gari lisikate kwa kasi.

Hapa tunatoa tahadhari. Baada ya ajali, vijana wa mtaa hujenga tuta wenyewe kwa mawe na saruji. Hasira yao inaeleweka, lakini tuta lisilo na kipimo, rangi wala alama humwangusha mwendesha bodaboda usiku na kuchelewesha ambulensi. Ombi la tuta lina njia yake, nayo imeelezwa hapa chini.

Anayetembea atengewe njia

Wanafunzi wengi wa kutwa hufika shuleni kwa miguu, au hushuka matatu na kumalizia safari kwa miguu. Hata hivyo, njia ya miguu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Gari huegeshwa juu yake, kibanda kikawekwa, mchanga wa ujenzi ukamwagwa, na mwanafunzi akashuka barabarani. Nguzo fupi za zege zilizopangwa ukingoni huzuia magari kupanda, na baada ya kujengwa hazihitaji askari wa kuzilinda.

Kivukomilia kinafaa kuwekwa pale watu wanapovukia tayari. Kikiwekwa mita 100 kutoka langoni kwa sababu huko barabara ni pana, wanafunzi wataendelea kuvuka langoni. Magari yasiegeshwe karibu na kivuko upande wowote. Gari lililosimama humficha mwanafunzi kwa dereva, na dereva kwa mwanafunzi, hadi sekunde ya mwisho.

Kituo cha matatu kinafaa kuwa baada ya kivuko, si kabla yake. Matatu ikisimama kabla ya kivuko, abiria huvuka mbele yake bila kuona gari linaloipita. Ikisimama baada ya kivuko, abiria hurudi nyuma yake na kuvuka mahali wanapoonekana. Vivyo hivyo, bodaboda na tuktuk zitengewe kituo mbali kidogo na lango, ili zisigombee nafasi na wanaotembea.

Wakati nao una uzito. Mwanafunzi anayejua kwamba lango litafungwa saa kumi na mbili na nusu kamili, na kwamba aliyechelewa ataadhibiwa, atavuka mbio bila kutazama. Shule inaweza kuwaruhusu waliochelewa waingie na kushughulikia suala la kuchelewa wakiwa ndani ya ua. Wale wanaotoka jioni baada ya masomo ya ziada wanahitaji taa za barabarani kati ya lango na kituo.

Majirani zetu wameonyesha kwamba hatua hizi ndogo zinawezekana. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend limefanya kazi kwenye shule zilizo katika barabara hatari: njia za miguu, matuta, vivuko, nguzo za kuzuia magari, na pengine kuhamisha lango kutoka barabara yenye shughuli nyingi. Mwaka 2019 programu hiyo ilitunukiwa tuzo ya miji ya WRI Ross. Vifaa vilivyotumika ni vya kawaida; tofauti ilitokana na kuchunguza kila shule kivyake kabla ya kujenga.

Siku za kufungua na za kutembelea shule za bweni

Siku hizi zinahitaji mpango wa pekee. Mzazi aliyebeba sanduku la bati na godoro hawezi kushusha kwa dakika moja. Shule inashauriwa kugawanya madarasa yaripoti kwa siku au saa tofauti, kufungua uwanja kwa maegesho mvua isiponyesha, kutumia lango moja kuingilia na jingine kutokea, na kuarifu kituo cha polisi mapema. Wenye magari makubwa ya kukodi waambiwe mapema pa kusubiri.

Nani anahusika na barabara ipi

Maombi mengi hukwama kwa kupelekwa ofisi isiyohusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na uchukuzi wa umma wa barabarani. Barabara kuu za kitaifa, kama ile ya Mombasa kwenda Malindi, ziko chini ya KeNHA. Barabara za kitaifa za mijini ziko chini ya KURA, na za mashambani chini ya KeRRA. Kusimamisha na kuelekeza magari, na kuwachukulia hatua wanaovunja sheria, ni kazi ya polisi wa trafiki. NTSA inasimamia leseni za madereva na za magari ya uchukuzi wa umma. Yaliyo ndani ya ua wa shule, pamoja na malango na saa za kuripoti, huamuliwa na bodi ya usimamizi na mwalimu mkuu.

Usipojua barabara ya shule yenu ni ya nani, anza kwa msimamizi wa wadi. Ombi linalohusu barabara ya kitaifa linaweza kupelekwa kwa mamlaka husika na nakala kubaki kaunti.

Jinsi ya kuwasilisha ombi

1. Chunguzeni kwanza. Kwa siku tatu za masomo, wazazi wawili au watatu wahesabu magari, bodaboda na wanaovuka kila robo saa, asubuhi na jioni. Waandike mahali wanafunzi wanapovukia na mahali magari yanapoegeshwa.

2. Choreni ramani ya mkono. Onyesheni lango, kituo, vibanda, taa zisizowaka, mitaro iliyo wazi na mahali ajali zimewahi kutokea.

3. Kaeni pamoja. Waalikeni bodi ya shule, chama cha wazazi, wawakilishi wa wanafunzi, viongozi wa bodaboda na tuktuk, wachuuzi na majirani. Mchuuzi anayeuza mahamri na viazi langoni anategemea biashara hiyo. Mpango unaomwondoa useme atahamia wapi.

4. Andikeni barua moja. Elezeni tatizo, mkiambatisha hesabu na ramani. Taja hatua mnazoomba kwa mpangilio wa umuhimu. Ipelekeni kwa msimamizi wa wadi, na nakala kwa mwakilishi wadi na idara ya uchukuzi. Ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

5. Fuateni kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi la Mei huenda likakuta fedha zimeshagawanywa. Hudhurieni vikao vya ushirikishaji wa umma katika wadi yenu na mulitaje ombi hilo kwa sauti, ili liingie katika kumbukumbu.

Mkiona hamjajibiwa, Kifungu cha 37 cha Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 vinampa kila mkaazi haki ya kuwasilisha malalamishi rasmi.

Yanayowezekana kuanzia kesho

Baadhi ya mambo hayasubiri bajeti. Mzazi mwenye gari anaweza kumshusha mwanafunzi mita 200 kabla ya lango, mahali penye njia ya miguu, akamwacha atembee. Mfuko na nauli viandaliwe nyumbani. Dereva asipige honi kumharakisha aliye kwenye kivuko, na asilipite gari lililosimama kwenye kivuko. Mwendesha bodaboda asibebe wanafunzi wawili au watatu kwa pamoja. Mwanafunzi avue visikizi kabla ya kuvuka, na pasipo na njia ya miguu atembee upande wa kulia akitazamana na magari yanayokuja.

Shule nayo inaweza kufungua lango mapema, kumweka mwalimu wa zamu na bawabu nje wakati wa kuripoti, na kupaka alama za nafasi za kushushia. Hatua hizo zijaribiwe kwa wiki mbili, kisha hesabu irudiwe. Foleni ikipungua, ziendelee. Isipopungua, hesabu hizo mbili ziambatishwe kwenye barua ya ombi, zikiwa ushahidi kwamba shule na wazazi wametimiza sehemu yao na kilichobaki kinahitaji ujenzi.