Je, Wajua? Udada wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Je, wajua kwamba chama cha kwanza cha siri cha wasichana wa chuo nchini Marekani kilianzishwa mwaka 1851, katika chuo cha wasichana cha Wesleyan mjini Macon, Georgia? Leo kinaitwa Alpha Delta Pi. Vyama vya aina hii, vinavyojulikana kama sororiti, hujiita kwa herufi za Kigiriki, na wanachama huitana dada. Udada huo hauishii kwenye mahafali. Wapo bibi wenye wajukuu ambao bado wanalipa ada na kuhudhuria vikao.

Je, wajua kwamba sororiti za Wazungu hazikuwa na nafasi kwa binti mweusi? Januari 15, 1908, Ethel Hedgeman na wenzake wanane walianzisha Alpha Kappa Alpha (AKA) katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Miaka mitano haikupita ila ugomvi ukazuka. Wasichana 22 walitaka chama kijishughulishe zaidi na mambo ya jamii, wakajitenga na kuunda Delta Sigma Theta, Januari 1913. Machi 3 mwaka huohuo walikuwa barabarani, kwenye maandamano ya kudai haki ya wanawake kupiga kura, ingawa baadhi ya waandalizi walitaka weusi wakae nyuma kabisa. Ugomvi mwingine una faida zake.

Je, wajua kwamba dada wa AKA waliwahi kugeuza magari yao kuwa zahanati? Mwaka 1935, AKA ilimpeleka Dakta Dorothy Ferebee Mississippi pamoja na wauguzi na walimu. Walikwenda kwa magari yao wenyewe, safari ndefu kupitia majimbo ya kusini, ambako hoteli nyingi zilikataa wageni weusi. Walipofika, mambo yakawa magumu zaidi: wenye mashamba ya pamba hawakutaka wakulima wao, waliolima kwa kugawana mavuno, waache kazi kwenda kliniki. Basi kliniki ikawafuata. Dawa zilipakiwa garini na magari yakaingia mashambani. Watoto wakachanjwa ndui na dondakoo papo hapo, huku wasimamizi wa mashamba wakiwazungukia juu ya farasi na kutega masikio. Hayo yalifanyika kila kiangazi hadi 1942, na maelfu ya watoto walichanjwa. Ukiniuliza urafiki wa chuoni una kazi gani, nitakutajia magari hayo kabla ya karamu na picha za mahafali.

Je, wajua kwamba mkono wa sororiti hizi ulifika Kenya? Delta Sigma Theta walichangia ujenzi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni ya Thika.

Je, wajua kwamba dola 19.08 ni salamu? Agosti 2020, Kamala Harris, aliyejiunga na AKA akiwa Howard mwaka 1986, alipoteuliwa kuwa mgombea mwenza wa urais, michango ya kiasi hichohicho ilianza kumiminika kwenye kampeni. Dada zake walikuwa wakiandika mwaka wa kuzaliwa kwa chama chao kwa pesa.

Je, wajua kwamba katika sororiti za weusi wanaojiunga pamoja hupangwa mstari mmoja, mfupi mbele na mrefu nyuma, na kila mmoja hupewa namba yake? Wale wa mstari mmoja ndio huwa mashoga wa kufa na kuzikana: wanasimamiana harusini, wanachangiana msibani, na hata uzeeni mtu bado anakumbuka namba yake.

Mstari huo una upande mchungu pia. Katika baadhi ya matawi, wageni walipigwa, walinyimwa usingizi na kudhalilishwa ili "wathibitishe" udada wao, na wengine walipoteza maisha. Mwaka 1990 baraza la vyama vya weusi liliufuta utaratibu wa zamani wa majaribio, lakini mateso yakaendelea kwa kificho. Kwa maoni yangu, anayekupiga leo ili awe dada yako kesho hafai hata kuwa jirani. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyopatikana na hatia ya mateso hayo. Kama una binti anayekwenda kusoma huko, mwambie asome taarifa hiyo ya chuo chake kabla hajajaza fomu ya kujiunga.