Muuza makayabo na vijana wa ngoma ya simba

Vijana wa Goma wanaopenda filme za kungfu wamezoea kuona mtu mmoja anaangusha ishirini. Filme ya katuni ya China "I Am What I Am", ya Sun Haipeng, iliyotoka mwaka 2021, inafuata njia ingine.

Ajuan ni kijana mwembamba wa kijiji, jimbo la Guangdong. Wazazi wako mbali, mjini, wanatafuta maisha. Yeye na marafiki wawili wanajifunza ngoma ya simba: mmoja anashika kichwa, mwingine anainama nyuma kuwa mgongo, wanaruka juu ya miti iliyosimikwa. Ngoma hiyo ni ndugu ya kungfu. Inadai miguu ya nguvu na pumzi. Mwalimu wao ni muuza makayabo, aliyeiacha zamani juu ya kulisha nyumba yake.

Halafu baba anaumia kazini. Ajuan anaacha mazoezi, anaenda mjini kufanya kazi. Moyo anao, kinachomukosesha ni mkate.

Hadithi hiyo si ya China peke yake. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, vita ilimutenganisha na jamaa akiwa mtoto. Akajifunza judo Kinshasa, katika kituo cha watoto waliohama vita. Mwaka 2016, Rio, alikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Alishinda pambano la kwanza, akapoteza la pili.

Medali hakupata. Lakini, kama Ajuan, alifika uwanjani kwa sababu mtu fulani alikubali kumufundisha wakati hakuwa na kitu.