Fidla ya Bwana Stepp na Kurudi Nyuma kwa Bonaparte

Upande wa mashariki wa nchi ya Marekani kuna milima iitwayo Appalachia, yenye mabonde membamba na misitu mingi. Wazungu waliohamia huko katika karne ya kumi na nane wengi walitoka Skotilandi, Ayalandi na Uingereza, nao walichukua fidla zao. Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani walikuwa na chombo kilichozaa banjo, na wengi wao wakawa mafundi hodari wa fidla pia. Ngoma za milimani zilitoka katika mchanganyiko huo.

Fidla ina nyuzi nne, nayo hupigwa kwa uta. Msomaji aliyepata kusikia orutu ya Wajaluo, yenye uzi mmoja tu, atatambua udugu wao mara moja.

Miongoni mwa nyimbo za zamani za milima hiyo umo mmoja usio na maneno, uitwao "Bonaparte's Retreat", yaani Kurudi Nyuma kwa Bonaparte. Mfalme Napoleon Bonaparte wa Ufaransa aliingia Urusi mwaka wa 1812 na askari zaidi ya nusu milioni. Njaa, baridi, maradhi na vita vikawamaliza, wakarudi wachache. Wapigaji wengine husema kwamba wimbo wahusu safari hiyo, na wengine hutaja kushindwa kwake Waterloo mwaka wa 1815. Kwa vyovyote, habari zake zilienea sana hata wakulima wa ng'ambo ya bahari wakaziita nyimbo zao nyingi kwa jina lake.

Ili kuupiga wimbo huu, mpigaji hulegeza uzi mnene kabisa na uzi mwembamba kabisa, hata nyuzi tatu kati ya nne zikalia sauti moja, mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Uta unapopita, fidla huvuma mfululizo kama zumari za mfuko za Waskoti. Wengi waliupiga polepole, kwa mwendo wa askari waliochoka.

Bwana William Hamilton Stepp, aliyezaliwa mwaka wa 1875 katika jimbo la Kentucky, hakuupiga hivyo. Yeye aliuendesha mbio, kama wimbo wa kuchezea. Mwaka wa 1937 Bwana Alan Lomax na mkewe Elizabeth walizunguka milima ya Kentucky kwa niaba ya Maktaba ya Bunge la Marekani, wakiwa na mashine ya kunasa sauti katika sahani. Huko Salyersville mzee Stepp aliwapigia wimbo wake, nao ukanaswa. Lau wangalipita bila kumwona, mwendo ule ungalizikwa pamoja naye.

Kisha Bibi Ruth Crawford Seeger, fundi wa muziki, aliisikiliza sahani ile na kuuandika wimbo kwa alama za muziki, sauti baada ya sauti. Ulipigwa chapa mwaka wa 1941 katika kitabu cha nyimbo cha Lomax na baba yake. Mtungaji mashuhuri Aaron Copland akauchukua humo, akautia karibu vile vile ulivyo, pamoja na ile mbio ya Stepp, katika muziki wa mchezo wa kucheza uitwao "Rodeo". Mchezo huo ulionyeshwa mara ya kwanza New York mwezi wa Oktoba 1942.

Tangu hapo wimbo ulizunguka dunia. Mwaka wa 1972 vijana wa Kiingereza wa bendi ya Emerson, Lake & Palmer waliupiga kwa vinanda vya umeme, na katika miaka ya 1990 televisheni za Marekani ziliutumia kusifu nyama ya ng'ombe. Mamilioni waliusikia, na kama walijua jina lolote, lilikuwa la Copland. Copland hakuiba, maana nyimbo za kale ni mali ya wote; lakini mbio ile haikuwa ya wote, ilikuwa ya mkono wa mtu mmoja.

Stepp alifariki mwaka wa 1957. Mwaka wa 2012 mpigaji banjo Stephen Wade alitoa kitabu juu ya watu walionaswa katika sahani za Maktaba ile, na humo mzee wa Kentucky alipewa sura yake. Sauti ya fidla yake ingali imehifadhiwa Washington.