Neno «dhaifu»: asili yake na uzito wake

Wanafunzi wetu wanapotafsiri neno la Kifaransa «faible», huandika «dhaifu» bila kusita, awe anayesemwa ni mgonjwa au mtu asiyeweza kukataa pombe. Mazoea hayo yanastahili kuchunguzwa.

Asili ya neno ni Kiarabu, ḍaʿīf. Kiswahili kiliidondosha konsonanti ya koo iliyo katikati, kisha kikaongeza irabu u mwishoni, kama ilivyo desturi baada ya sauti za midomo: kitabu, hafifu, latifu. Sauti ya kwanza nayo iligeuka, kwani herufi tatu za Kiarabu zimekutana katika dh yetu moja. Dhahabu, dhiki na dhuluma huanza sawa kwetu, ilhali katika Kiarabu kila moja ina herufi yake. Huku Kongo mabadiliko yalisonga mbele zaidi: dh ikawa z, tukapata «zaifu». Tena wasemaji wetu hulipa viambishi, «muzaifu, wazaifu», pale ambapo Kiswahili sanifu husema «watu dhaifu» bila upatanisho. Wanaoliita hilo kosa wasahau kidogo kamusi na watazame sarufi ya Kibantu: neno geni limepokewa kikamilifu.

Mzizi huohuo ulileta pia «dhoofu» na «kudhoofika». Lakini «dhaifu» hutaja hali tu, na «kudhoofika» husimulia mwendo: nguvu ilikuwapo, sasa imepungua.

Ugumu mkubwa uko katika maana ya kimaadili. «Mlegevu» hutokana na kulegea, kama kamba isiyokazwa. Nguvu anayo, haitumii, kwa hiyo analaumiwa. «Mnyonge» ni mwingine kabisa. Unyonge hupimwa mbele ya mwenye nguvu, na methali yasema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipozungumzia kuonewa kwa wananchi, lilitumia «unyonge». Lingaliandika «udhaifu», mwonevu angalitoweka katika sentensi.

Sasa tuitazame ripoti ya shule. Mtoto aliyekuja na njaa amedhoofika. Asiye na kitabu kwa sababu wazazi hawakulipwa mshahara ni mnyonge. Anayecheza wakati wa somo ni mlegevu. Mwalimu huandika juu ya wote watatu «mwanafunzi dhaifu», na baba akisoma hajui kama amwadhibu mwanawe au amtafutie chakula.