Maneno ya Jua katika Kiingereza

Muhula huu, nilipokuwa nikisahihisha madaftari ya Kidato cha Kwanza, nilikuta sentensi hii: "My father has one sun." Mwandishi alitaka kusema kwamba baba yake ana mtoto mmoja wa kiume, alichoandika ni kwamba baba yake ana jua moja. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka kwangu, maana kosa lile si la ujinga. Kijana aliandika alichosikia. "Sun", yaani jua, na "son", yaani mtoto wa kiume, hutamkwa sawasawa kabisa, na asikiaye hana njia ya kuyatenganisha ila kwa maana ya sentensi nzima. Ndipo nikamwomba Mhariri anipe nafasi kidogo katika gazeti letu, niandike habari za maneno ya Kiingereza yahusuyo jua, wanafunzi wayasome na wazazi nao wayaone.

Irabu ya "sun" siyo u yetu ya "kuku". I karibu na a ya "tatu", ila ni fupi zaidi na kinywa hakifunguki sana: san, wala usiongeze irabu baada ya n. Wengi wetu husoma kwa macho. Huona herufi u, wakasema "suni", na wenzao wakaangua kicheko. Hao wanaocheka yafaa wajue jambo moja. Yapata miaka 1,000 iliyopita Waingereza wenyewe walilitamka neno hilo kwa u kama yetu: jua lilikuwa "sunne" na mtoto wa kiume alikuwa "sunu". Hata leo watu wengi wa kaskazini ya Uingereza hutamka "sun" kwa u fupi, na huko kwao hakuna awachekaye. Sisemi kwamba mwige matamshi hayo katika mtihani wa kuzungumza, lakini mwenzenu akikosea mwacheni amalize kusoma.

Mtauliza, kwa nini "son" iandikwe kwa o? Hiyo ni kazi ya waandishi wa zamani walionakili vitabu kwa mkono. Katika mwandiko wao herufi u, n, m na v zilifanana na vijiti vifupi vilivyosimamishwa pamoja, na u ikikaa kando ya n au m msomaji alishindwa kujua kijiti kipi ni cha herufi ipi. Wakaona heri waandike o. Ndiyo sababu twaandika "son", "come", "love" na "tongue" kwa o, nasi twatamka irabu ile ile ya "sun". Basi ukimlaumu mtu kwa kosa la kijana wangu, mlaumu mwandishi huyo aliyeketi na kalamu yake ya unyoya karne nyingi zilizopita.

Kosa jingine ni la mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huuchukua mkazo huo mpaka katika Kiingereza. Mwanafunzi huongeza irabu mwishoni mwa "sunset", akasema "sanseti", na sauti yake ikapanda juu ya "se". Katika "sunset", "sunrise", "sunlight" na "sunshine" sauti hupanda juu ya "sun", kisha sehemu ya pili husemwa kwa upole. Angalieni pia kwamba s ya "rise" ni z: sanraiz. "Sunburn", yaani kuunguzwa ngozi na jua, ina irabu ambayo Kiswahili hakina kabisa. Ulimi hutulia katikati ya kinywa, midomo haiviringiki, na sauti huvutwa. Asiyejitahidi husema "ban", na hilo ni neno jingine, maana yake kupiga marufuku.

"Heat" ni joto, na i yake ni ndefu. Ukiifupisha unasema "hit", yaani pigo, na msikilizaji atadhani jua limekupiga ngumi. "Dawn", alfajiri, ina o ndefu, na w yake haisikiki.

Katika maana, neno linalotusumbua mno ni kivuli. Sisi mara nyingi hutumia hilo moja, Waingereza hutumia mawili. "Shade" ni mahali pasipofikiwa na jua, kama pale chini ya mwembe tunapokaa saa ya mapumziko. "Shadow" ni umbo jeusi la mtu au kitu lianguko chini kwa kuwa amelikinga jua. Huwezi kupumzika katika "shadow" ya sisimizi. Lakini na sisi tunayo yetu ya kujivunia: kuanika na kuanua. Kwa neno moja tu mama huwaambia watoto waitandaze mihogo juani ikauke, na kwa neno moja tena huwahimiza waiondoe mvua ikija. Mwingereza akitaka kuyasema hayo hana budi kutunga sentensi.

Hata hivyo, katika maneno yote ya jua, lililonigharimu zaidi si gumu kutamka hata kidogo. Ni herufi mbili tu, "a.m.", zisomwazo ei em. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini, maana yake kabla ya jua kufika katikati ya anga. "P.m." ni baada yake.

Nilikuwa darasa la sita baba alipoletewa barua ya Kiingereza. Alikuwa ameomba kazi, na barua ilimwita aje na vyeti vyake saa "8 a.m." Yeye hakujua Kiingereza, akanipa mimi niisome, na nyumba nzima ikakaa kimya kunisikiliza. Nikasoma kwa fahari: "Saa nane." Zile herufi mbili nilizipita, kwa kuwa sikujua maana yake na niliona aibu kusema hivyo. Siku ile baba alivaa shati lake jeupe, akapanda basi, akafika saa saba mchana ili awahi. Wenziwe walikwisha kuitwa tangu saa mbili asubuhi, na nafasi zimekwisha kugawanywa. Alirudi jioni, akaniuliza tu, "Mwanangu, ulisoma vizuri?"

Saa zetu twazihesabu tangu jua kuchomoza, na kwetu, karibu na ikweta, jua halibadiliki sana mwaka mzima. London mambo ni tofauti. Mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, likazama baada ya saa tatu usiku. Mwezi wa Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Waingereza huanza kuhesabu usiku wa manane, na kwa hiyo saa yao na yetu hupitana kwa saa sita. Lakini hapo kale Warumi walihesabu tangu macheo kama sisi, na alama yake imebaki katika neno "noon", litamkwalo nun kwa u ndefu. Latokana na neno la Kilatini lenye maana ya saa ya tisa, na mwanzoni lilitaja wakati ule ule tuuitao saa tisa alasiri. Kati ya karne ya 12 na ya 14 likasogea mpaka adhuhuri, saa sita mchana, na hapo ndipo lilipo hata sasa.

Baba angali na barua ile katika sanduku lake. Juu ya "8 a.m." kuna maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa penseli: saa mbili asubuhi.