Je, Wajua? Safari za kazini za Wamarekani ziko wazi kwa wote

Je, wajua kwamba ukiwa popote duniani unaweza kuona Wamarekani wanaishi wapi na wanafanya kazi wapi, kipande kwa kipande cha mtaa, bila kulipa hata senti? Ofisi ya Sensa ya Marekani huziweka data hizo, ziitwazo LODES, kwenye intaneti. Zinaanzia mwaka 2002.

Hakuna anayebisha hodi kuuliza. Nyingi hutoka kwenye kumbukumbu za mishahara ambazo waajiri hupeleka serikali za majimbo kwa ajili ya bima ya ukosefu wa ajira.

Faili lenyewe ni safu za namba: tarakimu 15 za eneo la kazi, 15 za eneo la nyumbani, kisha idadi ya ajira. Zichore kwa QGIS, programu huria ya ramani, uone mistari ikimiminika Manhattan kutoka kila upande. Inapendeza mno!

Siri za watu je? Tangu 2008, OnTheMap, ramani ya Ofisi ya Sensa inayoonyesha data hizi mtandaoni, huvuruga kidogo takwimu za makazi kwa kanuni ya hisabati. Ilikuwa ya kwanza duniani kuitumia kanuni hiyo katika matumizi halisi. Kwa hiyo amini picha ya mji mzima, usiamini mstari mmoja.