Saa 12 jaketi, saa 6 shati: Jinsi ya kuvaa kazini Karatu na Ngorongoro

Utamjua mgeni wa kazi pale geti la Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro ukitokea Karatu. Ni saa 12 asubuhi, ukungu umetanda, magari yako kwenye foleni, na yeye kavaa fulana ya mikono mifupi na jinzi nyeusi inayobana. Jana mchana Karatu mjini kulikuwa na jua, akadhani na leo itakuwa hivyo hivyo.

Wazoefu wanamwangalia tu. Wanajua muda si mrefu ataanza kuulizia nani ana sweta la ziada.

Inachekesha, lakini ina gharama. Dereva muongoza watalii anayetetemeka hawezi kuwaeleza wageni habari za faru kwa utulivu. Mhudumu mwenye malengelenge miguuni hawezi kubeba mizigo kutwa nzima. Na ukimalizia mshahara wa kwanza kwenye nguo zisizokusaidia, mwezi utauona mrefu.

Basi uvaeje? Haya ndiyo ya kujua.

Kwanza, elewa mwinuko

Karatu mjini ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda hadi ukingo wa kreta unafika kama mita 2,300. Halafu unashuka tena mita 600 hivi hadi chini kwenye kreta.

Kwa kawaida, kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Maana yake ukingoni kuna baridi kuliko Karatu kwa nyuzi 4 au 5, na hapo hujahesabu upepo na ukungu. Kuanzia Juni hadi Agosti ndiyo usiseme.

Upande wa pili wa wilaya hiyo hiyo ya Karatu kuna Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kwenye mashamba ya vitunguu. Kule ni mita 1,000 na kidogo tu, na jua ni kali. Mvuna vitunguu wa Mang'ola na mhudumu wa hoteli ya ukingoni wakibadilishana nguo siku moja, wote wawili watateseka.

Nguo juu ya nguo

Kosa la wengi ni kununua koti moja zito na kuona wamemaliza. Saa 12 asubuhi linafaa. Saa 6 mchana, ukiwa chini kwenye kreta, limekuwa mzigo.

Dawa yake ni kuvaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine. Ndani fulana, juu yake shati la mikono mirefu, kisha sweta, na nje jaketi jepesi la kuzuia upepo. Joto la mwili hubaki kwenye hewa iliyonaswa katikati ya nguo hizo. Jua likipanda unavua moja moja, jioni unazirudisha.

Pamba ni nzuri kwenye joto kwa sababu inanyonya jasho. Tatizo ni kwamba ikilowa inachelewa kukauka, na kwenye baridi nguo mbichi inakuibia joto. Ndiyo maana watu wa ukingoni hupenda sweta la sufu.

Usidanganywe na hewa ya baridi pia. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo jua linavyounguza ngozi zaidi. Kofia ya pama na mikono mirefu vina kazi yake hata siku ambayo husikii joto.

Rangi nayo ina kazi

Umewahi kuona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa porini, Tarangire au Serengeti? Hiyo ni mitego ya mbung'o. Mdudu huyu huvutwa na rangi hizo, anatua, anakutana na dawa, anakufa.

Sasa fikiria wewe umevaa shati la bluu iliyokolea na suruali nyeusi. Umejigeuza mtego, tena usio na dawa.

Mbung'o anauma mchana, anaweza kupenya kitambaa chepesi, na ndiye anayeeneza malale. Kwa dereva anayetoka Ngorongoro kuendelea Serengeti, rangi ya kaki, kijivu au kijani iliyofifia ni kinga. Kaki ina faida nyingine: vumbi jekundu la Karatu halionekani haraka kama kwenye nyeupe.

Jambo moja la kuchunga ni nguo za madoa madoa zinazofanana na kombati za jeshi. Hata kama umezipata mtumbani kwa bei chee, ziache. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha.

Shuka ilijibu swali hili zamani

Mwishoni mwa miaka ya 1960, viongozi wa serikali waliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega na wavae suruali na mashati. Lubega ilionekana ni ya watu waliobaki nyuma.

Lakini mwangalie mchungaji wa Ngorongoro asubuhi. Shuka moja ameifunga mwilini, nyingine ameifunika mabegani. Jua likiwaka, ya juu inashuka. Mvua ikianza, inapanda kichwani. Usiku inakuwa blanketi. Ni ile ile nguo juu ya nguo tuliyoieleza hapo juu, bila kifungo wala zipu.

Kampeni ikapita, shuka ikabaki. Leo, usiku wa baridi, si ajabu kumkuta mlinzi kajifunga shuka juu ya jaketi la kazi. Aliyeidharau hakuwa amekaa lindo ukingoni saa 9 usiku.

Je, kama kuna sare?

Hapa ndipo penye mvutano. Sare nyingi huchaguliwa na mtu wa ofisini, anayeangalia zaidi itakavyoonekana kwenye picha. Anayeivaa ndiye anayejua kama inabana kwapani anapotandika kitanda, au kama sketi ni nyembamba mno kupandia gari refu la safari.

Zungumza mapema, tena kwa lugha ya kazi. Badala ya kusema "siipendi", sema "nikiivaa hii sifiki kwenye rafu ya juu". Omba kuvaa fulana ya joto kwa ndani. Omba fundi cherehani aongeze upana kidogo au aweke mpasuo. Hayo ni maombi madogo, na ni vigumu bosi kuyakataa.

Viatu na vifaa vya kujikinga ni suala jingine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa kinga pale kazi inapokuwa na hatari. Anayepulizia dawa kwenye kahawa au vitunguu anastahili glovu, buti na barakoa. Asiambiwe ajinunulie.

Kwa watumishi wa umma kuna Waraka wa mavazi Na. 3 wa mwaka 2007, ambao haupendi nguo fupi wala zinazobana. Kwa hali ya hewa ya huku, kiukweli, umewasaidia.

Hela ni ndogo, nianze na nini?

Anza na viatu. Buti au raba ngumu yenye soli ya kushika, iliyokaa vizuri mguuni. Jaribu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kutembea, tena ukiwa na soksi za kazini. Ndala ziache nyumbani.

Pili, sweta. Mtumbani utapata la sufu zuri. Likague viwiko na kwapa kabla hujalipa.

Tatu, mashati mawili ya mikono mirefu, rangi tulivu, ya kupokezana. Jaketi litafuata mshahara ujao.

Na kupendeza je? Kupo. Skafu ya kitenge shingoni, bangili ya shanga, shati lililopigwa pasi. Hivyo ndivyo watu watakavyokukumbuka, na havikuzuii kufanya kazi.

Kipimo ni kimoja. Kabla hujatoka nyumbani, chuchumaa, nyanyua mikono juu, kisha panda ngazi mbili tatu. Nguo ikikubana hapo, hiyo si ya kazini. Ivae Jumapili.